Mapigo ya Moyo Chini ya Jicho la Simu

Miongoni mwa magonjwa ya moyo umo mmoja ambao aghalabu huingia bila kubisha hodi: haumlazi mtu kitandani, haumpi homa, wala haumwachii maumivu ya kumpeleka kwa tabibu, na huenda mwenye kuwa nao akapalilia shamba lake la pamba msimu mzima asijue, mpaka asubuhi moja aamke mkono wa kuume umekufa ganzi na ulimi umekuwa mzito. Matabibu huuita fibrilesheni ya atria. Katika makala haya tutauita mpapatiko wa moyo.

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kwa desturi amri ya kupiga hutoka mahali pamoja katika chumba cha juu cha kuume, ikateremka kwa umeme mdogo sana hadi vyumba vya chini, mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Penye mpapatiko amri hizo huzuka kila upande kwa wakati mmoja, 350 na zaidi kwa dakika, hata vyumba vya juu vikawa havikazi barabara wala havilegei, ila vinatetemeka tu. Na vile vya chini, kwa kuwa hupokea baadhi tu ya amri hizo, hupiga pasipo mpango, pigo moja likiharakisha na jingine likikawia. Damu nayo, ikikosa kusukumwa sawasawa, hutuama katika kifuko kidogo kilicho ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto, kama maji ya lambo wakati wa kiangazi, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka, mkondo hulichukua hadi likaziba mshipa wa ubongo. Uchunguzi wa Framingham, Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi kwa mwenye mpapatiko ni karibu mara tano ya ile ya asiye nao.

Zamani kuutambua ugonjwa huu kulihitaji mtambo mkubwa. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1924 kwa kuvumbua namna ya kuandika umeme wa moyo, alianza na chombo chenye uzito wa kilo 270 hivi, kilichotaka watu watano wa kukiendesha. Leo sehemu ya kazi ile yaweza kufanywa na simu janja. Mpimwaji huketi, huweka ncha ya kidole cha shahada juu ya jicho la kamera, taa ya simu ikiwa imewashwa, akatulia kwa muda wa dakika moja hivi pasipo kusema wala kukandamiza. Kila moyo unapopiga, damu hujaa katika ncha ya kidole na kumeza sehemu ya mwanga. Inapopungua, mwanga mwingi zaidi huirudia kamera. Badiliko hilo ni dogo mno kwa macho yetu, lakini kamera hulinasa, na programu ikapima muda uliopo baina ya pigo na pigo. Kwa moyo wenye nidhamu hesabu itasomeka hivi: sekunde 0.81, 0.79, 0.82, 0.80. Kwa wenye mpapatiko itakuwa 0.52, 0.97, 0.61, 1.10, 0.48, wala hapana mtu awezaye kukisia itakayofuata.

Iko na namna ya pili, nayo ni kijibao chembamba chenye vipande viwili vya chuma, ambacho mtu hukigusa kwa vidole vya mikono miwili kwa nusu dakika, kikaandika umeme wenyewe wa moyo na kuupeleka kwenye simu. Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa, na wauzaji huipitia haraka. Kamera huleta shaka tu, ilhali mchoro wa umeme wa sekunde 30, ukisomwa na tabibu, unakubaliwa na mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020 kuwa ni uthibitisho.

Sasa tuichukue kwa mfano Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, katika nchi ya Wasukuma ambako jembe na dhahabu huishi nyumba moja. Programu nyingi za namna hii zilijaribiwa Ulaya, Marekani na China, kwa vidole vya watu wa huko. Mtu aliyeshinda ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, akigonga mwamba kwa nyundo na tindo, au aliyeshika jembe tangu utotoni, ana sugu nene katika ncha za vidole, na sugu huuzuia mwanga. Kadhalika kidole chenye baridi, ambacho damu yake imekimbia, humpa msomaji mstari hafifu usiofaa kuamuliwa. Weusi wa ngozi, ambao hutatiza zaidi saa za mkononi zitumiazo mwanga wa kijani, hauleti taabu kubwa katika upande wa ndani wa kidole, maana hapo rangi ni haba. Kwa hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayepewa simu hiyo yapasa afundishwe kumwosha mtu mikono kwa maji ya vuguvugu na kujaribu kidole cha pete au cha mwisho, na ajue kuwa jibu la "haisomeki" si sawa na jibu la "salama".

Lakini sugu ni tatizo jepesi. Zito zaidi ni hesabu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima kwa mashine ya umeme wa moyo wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 wakaona mpapatiko kwa watu 15 tu, yaani asilimia 0.67, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha wazee wa Ulaya. Tuseme basi programu yetu ni hodari, hupatia mara 95 katika 100 kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Tukiwapima wazee 10,000 walio mfano wa wale wa Hai, tutawapata wagonjwa 64 kati ya 67. Lakini pamoja nao tutawatia hofu wazima 497, na kila mmoja atauza kuku au atakopa nauli ili aende kuthibitishiwa kwamba hana neno. Kwa upande mwingine, utafiti wa Hospitali ya Muhimbili juu ya wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta mpapatiko kwa asilimia 16. Chombo kile kile kikipelekwa kwa watu 1,000 wa kundi hilo kitawapata wagonjwa 152 na kuwasingizia wazima 42. Simu ni ile ile na programu ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyeitwa kupimwa.

Kwa hiyo siungi mkono fikira ya kupanga watu foleni siku ya gulio na kuwapima wote wapitao. Hata katika nchi tajiri faida yake haikuwa kubwa: Sweden, ambako wazee wa miaka 75 na 76 walialikwa kwa maelfu, ilitangaza mwaka 2021 faida ndogo, na mwaka huo huo Denmark, iliyotumia vipimo vilivyozikwa chini ya ngozi, haikuona kiharusi kikipungua kwa kiwango cha yakini. Kharumwa waanze na wale wanaofika zahanati kwa shinikizo la damu, kwa miguu iliyovimba, kwa pumzi inayokatika wakipanda mlima, na wale waliokwisha kupata kiharusi. Waanze pia na vijana wenye ugonjwa wa vali za moyo, na hawa ndio wanaonishughulisha kuliko wote.

Ugonjwa huo huanza utotoni kwa koo kuuma, maambukizi ya bakteria ambayo penisilini huyamaliza. Yasipotibiwa, mwili huweza kuigeukia vali ya moyo, vali ikakaza, na chumba cha juu cha kushoto kikatanuka mpaka kikaanza kupapatika. Katika uchunguzi wa mataifa 14, mengi yao ya Afrika, uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa wa vali walikuwa 3,343, umri wao wa katikati miaka 28, thuluthi mbili wanawake, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano alikuwa na mpapatiko. Dawa ya kuzuia damu kuganda hupunguza kiharusi kwa karibu thuluthi mbili kwa wenye mpapatiko usiotokana na vali. Aspirini ya dukani, ambayo wengi huikimbilia, haishiki nafasi yake. Dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Lakini kwa wagonjwa wa vali utafiti mkubwa wa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 4,500, ulidhihirisha kwamba warfarini, dawa ya zamani, huwahifadhi wengi zaidi. Na warfarini haina msamaha: ikipungua damu huganda, ikizidi mtu hutokwa damu, hivyo kipimo cha kuganda kwa damu hakina budi kurudiwa maadamu dawa inatumika.

Kwa mtu wa Kharumwa kipimo hicho, pamoja na picha ya moyo, humaanisha safari, aghalabu mpaka Hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limemwondolea kungoja kivuko, lakini nauli halikuiondoa, na siku ya kazi iliyopotea hairudishwi na mtu. Kwa fedha ya simu janja kumi ningenunua chache, na iliyobaki ningeiweka katika kijipimo cha kuganda damu kwa tone la kidole, kikae karibu na watu, na mhudumu afundishwe kukitumia.

Mwanamke wa miaka 28 ambaye simu imemwonyesha mapigo yasiyo na mpango, na mchoro ukathibitisha, hapaswi kukabidhiwa warfarini na kuruhusiwa aende. Aulizwe kwanza, faraghani na kwa heshima, kama ni mjamzito au anatazamia kuzaa, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Na jibu lake liandikwe katika kadi ile ile yenye hesabu za mapigo yake, ili daktari wa Mwanza alikute kabla ya kuandika dawa.