Petroli ipi? Mafuta yaliyoangusha ndege ndogo

(Muziki wa kufungua, unashuka taratibu.)

 

Kipindi cha leo kimeanzia barabarani hapa Kinindo, Bujumbura. Dada mmoja aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alimtuma kijana Mkongomani amletee petroli ya jenereta. Kijana akarudi na bidoni ya mafuta ya taa. Kwake petroli ni ya koroboi. Ile ya pikipiki anaiita esanse. Kwa dada, petroli ndiyo hiyo ya pikipiki. Wakamimina. Jenereta ikawaka vizuri kwa esanse iliyobaki kwenye mrija, kisha ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima.

Tulicheka sana. Lakini kosa hilihili limeua watu angani.

Ndege ndogo ni za aina mbili. Cessna 206 ina injini ya pistoni kama ya gari, na hunywa esanse maalumu ya ndege, iliyotiwa rangi ya buluu. Cessna Caravan, ambayo wengi wenu mmeiona ikileta wafanyakazi wa misaada, ina injini ya turbini. Hiyo hunywa Jet A-1, ndugu wa karibu sana wa mafuta ya taa. Ukiitia Jet A-1 kwenye injini ya pistoni, haikatai papo hapo. Esanse iliyobaki kwenye mirija inatosha kuiwasha, kutembea uwanjani na hata kuruka. Kisha mafuta mabaya yanafika: injini inagonga, inachemka, inapoteza nguvu, na ndege bado iko chini mno.

Tarehe 27 Agosti 2014, mjini Las Cruces, Marekani, ndege ya pistoni aina ya Cessna 421 ilikuwa ikimpeleka mgonjwa hospitali. Rubani aliomba mafuta, akatiliwa kama lita 150 za Jet A, akatia saini risiti. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka. Mgonjwa, wahudumu wawili na rubani, wote wanne walikufa.

Sababu nyingine ya kuchanganya ni maandishi. Ndege fulani za pistoni zimeandikwa "Turbo" ubavuni, na mjazaji akasoma kama turbini. Neno moja tu, kama petroli yetu.

Mwaka 1978 rubani maarufu Bob Hoover alianguka California kwa kosa hilo, akapona pamoja na abiria wake wawili. Kijana aliyemjazia alikuwa amevunjika moyo. Hoover akamwambia ndiye atakayemjazia ndege kesho yake, kwa kuwa hatarudia tena. Mimi ningeweza kusamehe hivyo? Sijui. Baadaye mdomo wa bomba la Jet ukatengenezwa mpana na bapa, usiingie kwenye tundu la tangi la esanse. Hata hivyo mwaka 2019, huko Kokomo, Indiana, mjazaji aliuinamisha mdomo huo juu ya tundu, akajaza. Rubani alikufa.

Marubani wana kipimo: tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esanse hukauka ikatoweka. Jet A-1 huacha duara la mafuta.

Usikitegemee kipimo hicho kwa koroboi yako. Esanse kidogo ndani ya mafuta ya taa haitaonekana kwenye karatasi, na ndiyo inayolipua taa, kwa sababu mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi. Bidoni za mafuta hupita mikono mingi. Ukinunua, usitaje petroli. Uliza: "Hii ni ya taa au ya pikipiki?" Ukisikia harufu ya pikipiki, mrudishie muuzaji kabla hujaondoka.

(Muziki wa kufunga.)