Umeme wa Kariba na Paa la Mwananchi

Mnamo tarehe 29 Februari mwaka 2024 Serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame ulioikumba nchi hiyo ulikuwa janga la taifa. Mahindi yalikauka mashambani, na mto Zambezi ukaleta maji haba katika ziwa la Kariba. Kufikia mwezi wa Septemba mwaka huo, sehemu nyingi za miji ya Zambia zilikuwa zikikosa umeme kwa saa 17 na zaidi kila siku. Vinyozi, mafundi cherehani, wachomelea vyuma na wenye mashine za kusaga walikesha wakingoja umeme uliokuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri. Jirani zao wa Zimbabwe, wanaoyatumia maji ya ziwa hilo hilo kwa kituo kilichoko ng'ambo ya kusini, walikuwa wamekwisha yaonja machungu hayo. Mwishoni mwa Novemba mwaka 2022 maji ya ziwa yafaayo kuzalishia umeme yalishuka chini ya asilimia 5, na Mamlaka ya Mto Zambezi, ambayo ni ya nchi zote mbili kwa pamoja, ikaiarifu Zimbabwe kwamba imekwisha maliza fungu lake.

Inapotokea shida ya namna hiyo, fikra za watu wengi huelekea kwenye vituo vipya vya kuzalisha umeme. Fikra hizo si potofu, kwani nchi inayotegemea mvua kwa zaidi ya robo tatu ya umeme wake imejiweka mikononi mwa mawingu. Lakini kituo kipya huchukua miaka na fedha nyingi za mkopo. Liko jambo la pili ambalo huzungumzwa kwa nadra, nalo ni jinsi umeme unavyotumika ukisha fika ndani ya majengo, na ni kiasi gani cha umeme huo hupotea kupitia mapaa, kuta na matangi ya maji moto.

Hesabu yake si ngumu. Huko Kariba maji huanguka kutoka kimo cha mita 90 hadi 100 hivi kabla ya kuizungusha mitambo. Kwa kimo hicho, ili kupata uniti moja ya umeme hapana budi yapite maji ya mita za ujazo kati ya 4 na 5, yaani lita 4,000 na zaidi. Sasa ichukuliwe familia moja ya mjini yenye tangi la kupashia maji la lita 100. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 huhitaji karibu uniti 4.7. Maana yake ni kwamba, ili kupasha lita 100 za kuogea, ziwa Kariba limetoa kiasi cha lita 20,000, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani katika nyaya. Na tangi lisilofunikwa kwa kizuizi cha joto huendelea kupoa usiku kucha na kujiwasha tena, na mwenye nyumba hana habari. Chombo hicho huko kusini watu hukiita kwa jina la Kiingereza ambalo kwa sikio la Mswahili husikika kama "giza", na ni vigumu kusema kwamba hakulistahili jina lake.

Ndiyo sababu nchi hizo zimeanza kutia mkono wa sheria katika mambo ya ndani ya nyumba. Afrika ya Kusini ilitoa kanuni za ujenzi mwaka 2011 zinazotaka angalau nusu ya maji moto ya jengo jipya yapashwe kwa njia nyingine isiyokuwa waya wa umeme, na zinazotaka mapaa yawe na kizuizi cha joto. Zimbabwe ilifuata kwa kanuni za mwaka 2019 kuhusu mitambo ya jua ya kupashia maji katika majengo mapya. Zambia nayo, kwa kanuni za mwaka 2016, ilizipiga marufuku balbu za zamani za uzi. Balbu ya wati 60 ikibadilishwa kwa taa ya kisasa ya wati 9, nuru hubaki ile ile na wati 51 huokolewa. Nyumba milioni moja zenye balbu mbili mbili zikifanya hivyo, wakati wa magharibi zinaokoa zaidi ya megawati 100, nayo ni zaidi ya nusu ya mtambo mmoja wa Kariba Kaskazini.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni paa. Bati lililopigwa na jua huchoma mkono, na joto lake haliingii nyumbani kwa hewa peke yake. Humulika kutoka juu kama moto wa jiko umulikavyo uso wa mpishi. Kwa hiyo kufungua madirisha hakutoshi. Dari husimama katikati na kuukata mmuliko huo, na tabaka la sufi ya madini au karatasi ing'aayo likiwekwa juu ya dari, kazi hukamilika. Usiku wa Juni na Julai, kipupwe kinapoishika nyanda za juu za Lusaka na Harare, dari lile lile hufanya kazi kinyume chake, likilizuia joto la ndani lisitoroke.

Faida hiyo ilionekana vizuri katika mtaa wa Kuyasa, huko Khayelitsha, pembeni mwa Cape Town. Nyumba za mtaa huo zilijengwa kwa ruzuku ya Serikali baada ya mwaka 1994, na ili kupunguza gharama zilijengwa bila dari. Cape Town hupata mvua zake wakati wa baridi. Pumzi za watu na mvuke wa vyungu vilikutana na paa la baridi, vikageuka maji, na maji yakadondoka juu ya vitanda. Watu walijikinga kwa majiko ya mafuta ya taa, ambayo huleta moshi, na mara nyingine huleta moto unaoteketeza nyumba nzima. Kati ya mwaka 2008 na 2010 nyumba 2,309 za mtaa huo zilitiwa madari yenye kizuizi cha joto, mitambo ya jua ya kupashia maji na taa zinazotumia umeme kidogo. Vijana wa huko huko walifundishwa kazi hiyo. Wakazi waliohojiwa baadaye walieleza kwamba mafuta ya taa waliyonunua yalipungua, na maradhi ya kifua pia. Ilitumainiwa kwamba mradi ungejilipa kwa kuuza hati za kupunguza hewa chafu katika soko la dunia, lakini fedha hizo hazikutosha, na ilibidi Serikali itoe ruzuku. Hapo pana funzo kwa wale wanaodhani kwamba soko peke yake litamwekea maskini dari.

Kwa upande wa majengo makubwa, mfano unaotajwa zaidi uko Harare. Jengo la Eastgate lilifunguliwa mwaka 1996, na msanifu wake ni Mick Pearce, mzaliwa wa nchi hiyo. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa sana kuliko mchana. Pearce aliitumia tofauti hiyo. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha chini ya sakafu za zege nzito mpaka zege lipoe. Mchana hewa hupita pole pole juu ya zege hilo, ikapoa kabla ya kuwafikia wafanyakazi, kisha hewa ya joto hutoka kupitia mabomba marefu ya moshi juu ya paa. Madirisha ni madogo na yana vivuli. Jengo halina mitambo ya kawaida ya kupoza hewa, na lilikadiriwa kutumia umeme pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo sita ya mji huo yenye mitambo hiyo. Pearce alisema kwamba alijifunza kutoka kwa kichuguu cha mchwa. Wataalamu wa wadudu baadaye wameonyesha kwamba kichuguu hakifanyi kazi hivyo hasa, bali hupumua zaidi kama pafu. Mchwa walifahamika vibaya, lakini jengo limesimama na linafanya kazi.

Elimu hiyo haikuanzia Harare. Waashi wa Lamu na Unguja walijenga kuta za mawe na chokaa zenye unene wa kama nusu mita, zikapakwa nyeupe, na vichochoro vikafanywa vyembamba ili nyumba moja iitilie kivuli nyenzake. Inastaajabisha kwamba katika miji mingi ya Afrika fahari ya siku hizi ni jengo la vioo kutoka chini hadi juu, lililobuniwa kwa ajili ya nchi zinazolitafuta jua, ambalo haliwezi kukalika umeme ukikatika kwa saa moja.

Itakuwa si haki kumtwika mwananchi mzigo wote. Katika Zambia karibu nusu ya umeme hutumiwa na migodi ya shaba, na vijijini walio wengi hawajaunganishwa na umeme kabisa. Tena umeme unapokatika mijini, wenye majiko ya umeme hugeukia makaa, na magunia hayo hutoka katika misitu ambayo ndiyo inayohifadhi vyanzo vya mito. Iko pia shida ya nyumba za kupanga. Mjenzi wa nyumba ya kupangisha huokoa fedha kwa kuacha dari na kwa kununua tangi la bei rahisi, naye si yeye alipaye ankara ya umeme. Mpangaji alipaye hana ruhusa ya kuligusa paa. Kanuni za majengo mapya hazimfikii mpangaji huyo, kwa kuwa nyumba anayoishi ilikwisha jengwa zamani, na mpaka sasa katika nchi zote tatu ni nyumba chache mno za aina hiyo zilizotiwa madari kwa gharama ya Serikali kama zilivyofanyiwa zile za Kuyasa.