Kabla Hujaaga Mwajiri, Pitia Obunga

Je, msomaji, umechoka kuajiriwa? Huenda umekaa nyuma ya meza ile ile miaka kumi, bosi ni yule yule, na mshahara haufiki tarehe ishirini. Wakati huo huo unamwona mwenzako wa zamani aliyeacha kazi akawa mshauri wa kujitegemea. Anaingia ofisi za mashirika kule Milimani, Kisumu, na mkoba wake mkononi, na kwa kazi ya siku chache analipwa pesa ambazo wewe huzisubiri mwezi mzima. Moyo unakwambia: hata mimi naweza.

Pengine kweli unaweza. Lakini kabla hujaandika barua ya kujiuzulu, pitia Obunga. Mtaa huu ulio kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, si mbali na Kondele, hauna majumba ya ofisi. Sifa yake ni mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kuuzwa ng'ambo. Akina mama huinunua, huikaanga na kuipeleka sokoni. Hawana bosi, hawana mshahara wala likizo. Wamejitegemea miaka mingi kabla wasomi hawajaanza kuligeuza jambo hilo kuwa fasheni.

Somo lao la kwanza ni gumu. Mnamo 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu. Agizo lilitolewa mbali sana, lakini kiwanda kisipokata minofu, Obunga hakuna mgongo wa kukaanga. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mshauri mwenye mteja mmoja tu. Shirika likifunga mradi wake, au kaunti ikichelewesha malipo miezi sita, sufuria yako nyumbani hukauka. Ukiwa na mteja mmoja, bado umeajiriwa, ila sasa huna marupurupu.

Somo la pili ni bei. Tuseme wewe ni karani wa hesabu unayepata shilingi 60,000 kwa mwezi. Wengi hugawa kiasi hicho kwa siku 22 za kazi, wakapata kama shilingi 2,700, na hiyo ndiyo bei wanayomtajia mteja. Hapo wamejiangusha wenyewe. Mshauri halipwi kila siku. Zipo siku za kutafuta kazi, za kuandika maombi, za kufuatilia hundi na za kuugua. Ikiwa utalipwa siku 10 tu kwa mwezi, na gharama zako za nauli, simu, umeme na kompyuta ni shilingi 20,000, basi unahitaji shilingi 80,000 kwa siku hizo 10. Bei yako ni 8,000 kwa siku. Je, yupo atakayekulipa hizo? Swali hilo lijibiwe ukiwa bado kazini. Mpate mteja mmoja au wawili wa jioni na Jumamosi, mradi tu si washindani wa mwajiri wako na mkataba wako hauzuii. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Tatu, fahamu sheria. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya angalau siku 28, isipokuwa mkataba wake unadai zaidi. Dai cheti cha utumishi na malipo ya siku za likizo ulizobakisha. Lakini usijidanganye kuhusu kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Hicho kimewekewa anayepunguzwa kazini, si anayejiuzulu kwa hiari.

Ukishatoka, yale yaliyokuwa yakikatwa kimya kimya kwenye mshahara huwa mzigo wako. Wateja wengi watakukata kodi ya asilimia 5 kabla ya kukulipa, nawe bado utatakiwa kupeleka hesabu zako za mwaka kwa KRA. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, humtaka asiyeajiriwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Usisahau akiba ya uzee. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hivyo fungua akaunti ya kazi iliyo mbali na pesa za unga na sukari.

La mwisho ndilo linalovunja nyumba nyingi. Usimfiche mwenzako wa ndoa. Keti naye, mpige hesabu ya karo, kodi ya nyumba na chakula, na muweke akiba ya angalau miezi sita kabla ya kutoka. Waeleze na watoto kwamba baba au mama akiwa mezani na karatasi zake, yuko kazini. Majirani watakuona nyumbani saa nne asubuhi na kusema umefutwa. Jamaa nao watakuita kwa kila matanga na kila kikao, wakidhani huna shughuli. Kama nyumba yako inajua ukweli, maneno hayo hayatakutikisa.

Kujitegemea si jambo baya, msomaji. Wako waliosomesha watoto kwa mgongo wazi, na wako waliosomesha kwa kalamu na ushauri. Lakini mama wa Obunga hawashi moto kabla hajajua samaki atamtoa wapi na atamuuzia nani. Nawe jiulize maswali hayo mawili leo. Ukiwa na majibu, andika barua yako. Kama huna, rudi kazini kesho Jumatatu, na uanze kuyatafuta jioni.