Akiba ya Usiku wa Giza kwa Siku za Mbalamwezi



Kila mkazi wa Rusimbi, hata asiyemiliki mtumbwi, anaijua kalenda ya ziwa. Usiku wa giza taa huwashwa majini, dagaa huufuata mwanga, na kulipokucha fedha huzunguka: mvuvi amepata mgawo wake, mama anayeanika dagaa amepata mzigo, dereva wa bajaji amepata abiria. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hazina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Mitumbwi hupumzika, na mji mzima huhisi. Mapato ya familia nyingi za hapa hufuata mwezi wa angani kuliko tarehe ya mshahara.

Mwaka 2024 tulipata fundisho zito zaidi. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Lengo lilikuwa jema, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa anayekula alichovua jana. Tulipozitembelea jumuiya, tulikuta familia zilizobana matumizi zikavuka, na nyingine zilizouza nyavu na hata mabati ili zile. Wakuu wa baadhi ya familia hizo walikuwa wakivua katika mtumbwi mmoja na kupata mgawo uleule. Ndipo tukaona kwamba, pale kipato kinapotosha chakula, kinachotofautisha nyumba na nyumba ni utaratibu.

Utaratibu wa kwanza ni kutenga akiba kabla ya kutumia. Wengi wetu husubiri kitakachobaki, na kwa kawaida hakibaki kitu. Yosefu kule Misri hakungoja mabaki. Alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Tuchukue mfano mdogo. Mvuvi anayefanya kazi siku 20 kwa mwezi na kutenga shilingi 2,000 kila siku atakuwa na 40,000 mwisho wa mwezi. Kwa miezi tisa zitakuwa 360,000, yaani 120,000 kwa kila mwezi wa ziwa kufungwa. Hazimtajirishi, lakini zinamwezesha kubaki na nyavu zake. Fedha hizo zisikae mfukoni wala chini ya godoro. Ziwekwe benki, kwenye SACCOS au katika kikoba chenye daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya namna hii visajiliwe. Tusiione kama usumbufu, kwa maana usajili ni kinga ya mwanachama.

Utaratibu wa pili ni kuziba matundu madogo. Bandu bandu huisha gogo. Anayenunua sukari na mafuta ya kupima kila siku hulipa zaidi ya anayenunua kwa wingi. Basi majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga, wakanunua mfuko mmoja na kugawana. Anayetuma fedha kwa simu mara tano kidogo kidogo mara nyingi hukatwa zaidi ya anayetuma mara moja. Tukiandika matumizi ya mwezi mmoja tu katika daftari la shule, tutashangaa tunachokiona.

Utaratibu wa tatu unahusu safari, ambazo kwa mtu wa Kigoma ni ndefu na ghali. Safari inayojulikana mapema, kama ya mwanafunzi kurudi shuleni au ya harusi, ianze kuwekewa fedha miezi kadhaa kabla. Tukate tiketi mapema katika ofisi ya kampuni, si kwa mpiga debe, tukijua kwamba nauli za mabasi zina kikomo kilichowekwa na LATRA. Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914 ingali msaada: daraja la tatu mara nyingi huwa nafuu kuliko basi, ingawa ni lazima tuhesabu pia muda na chakula cha njiani. Na unapotokea msiba wa mbali, jumuiya inaweza kuwatuma wawakilishi wawili na kuwasilisha rambirambi ya wote, badala ya watu kumi kukopa nauli.

Hapo tunafika kwenye jeraha lenyewe: mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Anayekopa 100,000 kwa masharti ya kurudisha 130,000 baada ya mwezi, kisha akawa analipa riba tu, baada ya miezi mitatu atakuwa ametoa 90,000 na bado anadaiwa 100,000 ileile. Kabla ya kutia saini, tuulize kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na tuulize jumla ya kurudisha, si rejesho la wiki pekee.

Hatusemi kwamba kila maskini ni mzembe. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitaka mfanyakazi alipwe kiasi cha kumwezesha kutunza familia na kuweka akiba kidogo. Mwenye mtumbwi anayewapunja vijana wake hana haki ya kuwahubiria kubana matumizi. Tena, iko akiba ya uongo: kupanda mtumbwi uliozidisha abiria na usio na maboya kwa sababu nauli ni ndogo, au kuchelewa hospitali ili kuokoa fedha. Uhai haubanwi.

Akiba njema humfanya mtu awe huru, naye aliye huru huweza kumsaidia jirani. Mwezi mpya ukiandama na mitumbwi ikirudi majini, kila nyumba ianze na shilingi ya kwanza ya kutenga, na daftari liwekwe mahali ambapo mume, mke na watoto wataliona.