Mayai Sita Katika Kikapu

Mpishi ana mayai sita katika kikapu, na mawili katika hayo ni viza, wala kwa macho hayatambulikani. Ametoa mayai mawili bila kuchagua. Je, yaweza kuwa yote mawili ni viza?

Wengi hujibu, "Ni bahati tu," wakaishia hapo. Lakini bahati nayo ina hesabu yake. Mwaka 1654 wataalamu wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya michezo ya bahati, wakaipima kwa kuhesabu njia zote ambazo jambo laweza kutukia. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Mayai mazima tuyaite A, B, C na D. Yaliyo viza tuyaite E na F. Kila yai laweza kutoka pamoja na mojawapo la matano mengine, na 6 mara 5 ni 30. Lakini AB na BA ni jozi ile ile, basi kila jozi tumeihesabu mara mbili. Gawanya kwa 2, utapata jozi 15. Jozi ya viza tupu ni moja tu, EF. Nafasi yake ni 1 katika 15.

Sasa mpishi avunja mayai yote mawili katika bakuli moja, na mara harufu mbaya yatoka. Twajua ya kuwa limo yai viza, ila hatujui kama ni moja au mawili. Jozi za mayai mazima tupu ni 4 mara 3, kugawanya kwa 2, yaani 6. Hizo tuziondoe, maana zisingenuka. Zasalia 9, na EF ni moja yao. Nafasi ni 1 katika 9. Yaelekea sana kwamba yai zima limeharibika bure.

Lakini mpishi mwenye busara huvunja yai moja kwanza. Ikiwa hilo lanuka, je, la pili alitupe? Usiseme upesi kwamba nafasi ni ile ile, 1 katika 9. Tuseme la kwanza ni E. La pili ni A, B, C, D au F. Basi nafasi ya kuwa viza ni 1 katika 5.

Mbona majibu hayalingani? Zile jozi 9 zina 8 zilizochanganyika, kama AE. Katika jozi hizo, mara nyingine yai zima hutangulia, mara nyingine viza, sawasawa. Kwa hiyo nusu yake tu hunuka kwa yai la kwanza. Nane zawa kama nne. Lakini EF hunuka daima, lolote litanguliapo. Moja na nne ni tano.

Haya, hesabu wewe kwa kikapu cha mayai 7, yakiwamo viza 3. Wakivunja mawili pamoja, jibu ni 1 katika 5; wakianza na moja, ni 1 katika 3.