Unene wa Mama Mjamzito na Mapafu ya Mtoto

Kariakoo, mwanamke anayenenepa husifiwa kuwa amenawiri, huonekana anatunzwa. Kwa sababu hiyo unene hauhesabiwi miongoni mwa hatari za ujauzito, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Mwanamke mwenye kimo cha sentimita 160 huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri afikapo kilo 77.

Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni huipata kupitia kondo la nyuma. Kuanzia takriban wiki ya 24, chembe maalumu za mapafu hutengeneza safaktanti, utelezi wa mafuta na protini unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto atoapo pumzi. Kwa kawaida hutosheleza karibu na wiki ya 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionesha kwamba watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa utelezi huo.

Unene unaingiaje hapa? Mama mnene yu karibu zaidi na kisukari cha ujauzito. Sukari hupita kondo la nyuma, lakini insulini ya mama haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi. Insulini hiyo humnenepesha mtoto, na papo hapo hupinga kazi ya kortisoli, homoni inayokomaza mapafu. Ndiyo maana mtoto wa kilo nne, anayeshangiliwa wodini, anaweza kuhema kwa shida kuliko mwenziwe mdogo. Tafiti nyingi zimehusisha pia unene wa mama na pumu ya utotoni, ingawa hapo urithi na mazingira ya nyumbani navyo vina sehemu yao.

Mfanyabiashara aketiye dukani tangu alfajiri, chakula chake chipsi mayai na soda, haambiwi ajinyime. Hushauriwa asiongezeke zaidi ya kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima, na apimwe sukari kati ya wiki ya 24 na 28. Uchungu ukitishia kuja mapema, sindano za deksamethazoni huharakisha ukomavu wa mapafu. Lakini dawa hiyo hupandisha sukari ya mama, hivyo hutolewa hospitalini, sukari ikipimwa mara kwa mara.