Bwawa haligeuki kijani? Anza na chokaa
Umeweka samadi wiki ya tatu sasa, lakini maji ya bwawa bado meupe na perege hawakui? Udongo mwingi wa Kilolo una tindikali na maji yake hukosa alkali. Tope linaishika fosforasi ya samadi, mwani hauoti, samaki wanalala njaa.

Tafuta chokaa ya kilimo. Bwawa la mita 10 kwa 20 linataka kama kilo 40: likaushe, nyunyiza chini na kwenye kingo, jaza maji, subiri wiki mbili ndio uweke samadi.

Ile ya kupaka ukutani achana nayo kama samaki wamo, inaua. Na usiache maji yapite bwawani muda wote. Yataondoka na chokaa yako.